Bao na Ubao: Nani Aliwafundisha Watoto Wetu Kujibu Bila Kufikiri?

Kuna biashara inayokua mijini mwetu. Mzazi mwenye kipato cha kati, awe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, huuziwa vifaa vya kukuza akili ya mtoto: mafumbo ya plastiki, programu za simu, madarasa ya Jumamosi ya kuhesabu kwa abakasi. Bei si ndogo. Matangazo huahidi kwamba mtoto atajifunza kufikiri, kisha, kwa maandishi makubwa zaidi, kwamba atafaulu mitihani. Mzazi huyohuyo akipita mtaa wa pili na kuwakuta watu wameinamia bao chini ya mwembe, humshika mwanawe mkono na kumwambia asisimame pale, hicho ni kijiwe cha wavivu.

Nina ugomvi na mzazi huyu, na ugomvi mkubwa zaidi na shule iliyomlea akawaza hivyo. Michezo ya mantiki na mafumbo inastahili nafasi kubwa katika malezi, ila si kwa sababu anayoitaja muuzaji. Mchezo haumjazi mtoto akili kama maji yanavyojaza ndoo. Unampa kitu ambacho nyumba zetu nyingi na karibu shule zetu zote humnyima: mahali ambapo yeye na mkubwa wake wako chini ya sheria ileile, na ambapo hoja nzuri hushinda hata ikitoka kinywani mwa mdogo. Pasipo hilo, mzazi anaweza kununua mafumbo ya dunia nzima na asipate zaidi ya kabati lililojaa mafumbo.

Tuanze na ubao. Mtoto huingia darasa la kwanza akiwa na swali moja ambalo amekuwa akilirudia nyumbani tangu alipoanza kusema: kwa nini? Hapiti muda mrefu kabla hajagundua kwamba swali hilo halina soko. Mwalimu ana wanafunzi wengi kupita kiasi, ana mada za kumaliza, ana mtihani unaomsubiri mwisho wa safari. Kwa hiyo anaandika, watoto wananakili. Anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Asiyeelewa naye ameitikia, kwa sababu amekwisha kujua gharama ya kunyamaza wakati wenzake wanaitikia.

Mtihani nao umepigilia msumari. Tangu mwaka 2012 watoto wanaomaliza elimu ya msingi Tanzania wamekuwa wakichagua herufi na kuiwekea kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Hata Hisabati, somo ambalo njia ndiyo jibu lenyewe, lilitiwa humo. Baadaye yakarudishwa maswali machache ya kuonyesha kazi. Swali lenye majibu matano humpa aliyefumba macho nafasi moja katika tano. Sishangai kwamba walimu wengi, hasa wa tuisheni, wamekuwa mafundi wa kuondoa majibu yasiyofaa badala ya kutafuta linalofaa. Mtoto anaweza kumaliza miaka saba ya shule bila kuulizwa hata mara moja na mtu aliyetaka kweli kujua: umefikaje hapo?

Miaka minne baadaye twavuna. Kati ya mwaka 2019 na 2022, watahiniwa waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa takriban mmoja katika kila watano. Kwamba uwiano huu unalingana na ule wa anayebahatisha ni sadfa, lakini ni sadfa inayouma.

Na juu ya yote kuna fimbo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa mazito ya nidhamu, kwa mkono au idhini ya maandishi ya mkuu wa shule. Kenya iliondoa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Lakini nani kati yetu hajui kwamba watoto hupigwa kwa kukosea hesabu? Kukosea hesabu kumehamishwa kutoka kwenye orodha ya mambo ya kawaida ya kujifunza na kuwekwa kwenye orodha ya makosa ya nidhamu. Mtoto aliyechapwa kwa jibu baya hupata funzo, tena analishika vizuri sana: usijaribu jambo usilo na hakika nalo. Funzo hilo ni sumu ya kufikiri, kwa sababu kufikiri kote huanza kwa kujaribu jambo ambalo mtu hana hakika nalo.

Matunda hayo nayapokea chuo kikuu. Mwanafunzi mwenye alama nzuri, mwenye bidii, mwenye mwandiko safi, akipewa swali ambalo jibu lake halimo katika notsi, hutazama chini. Si mjinga hata kidogo. Akili yake ni nzima, ila hakuna aliyewahi kuipa ruhusa ya kutembea bila kushikwa mkono. Mara nyingi swali lake la kwanza ni kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Muuzaji wa vifaa vya akili anaijua hofu hii ya wazazi, na ameigeuza bidhaa. Kwa hiyo tuseme ukweli kuhusu bidhaa yake. Mwaka 2016 zilitolewa nchini Uingereza taarifa za jaribio kubwa lililogharimiwa na Education Endowment Foundation: shule 100, watoto zaidi ya 4,000, nusu ya shule wakifundishwa sataranji darasani kwa muda uliopangwa, nusu wakiendelea na masomo kama kawaida. Watoto hao walipopimwa Hisabati mwaka mmoja baadaye, waliocheza hawakuwazidi wasiocheza. Mwaka huohuo, huko Marekani, kampuni iliyokuwa ikiuza michezo ya ubongo kwa jina la Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyoidai kwamba iliwaahidi wateja mambo isiyoweza kuyathibitisha. Mtu anayefanya mazoezi ya mchezo fulani huwa hodari wa mchezo huo. Uhodari huo haupandi daladala wenyewe kwenda kwenye Hisabati, wala kwenye siasa, wala kwenye maisha.

Wapinzani wa michezo wataruka kwa furaha hapa. Watasema: basi tumwache mtoto asome, michezo ni upotevu wa muda. Wasiharakishe. Muuzaji na mpinzani wanakosana juu ya jibu tu; kipimo chao ni kimoja. Wote wawili wanamtazama mtoto kama mtahiniwa. Mmoja anasema mchezo utaongeza alama, mwingine anasema utazipunguza, na hakuna hata mmoja anayeuliza mtoto huyu atakuwa mtu wa namna gani akiwa na miaka thelathini, mbele ya mkataba asiouelewa, mbele ya mhubiri anayemwambia aache dawa, mbele ya mgombea anayemwahidi daraja mahali pasipo mto.

Turudi sasa chini ya mwembe, pale mzazi wetu alipomvuta mwanawe.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Wachezaji hawaanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja huweka kete kumi, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na hubaki na 22 mkononi za kuingiza moja moja. Hatua hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha, huja mtaji. Kete zinazoliwa hazitoki mchezoni. Humwagwa upande wa aliyekula, zikageuka nguvu yake. Akiweza kula ni lazima ale, hata kama angependa kufanya jambo jingine, na mpinzani hodari hujua kumtegea mlo utakaomponza. Hatua moja inaweza kuzunguka ubao na kuzua hatua nyingine ndani yake, na mchezaji anatakiwa kuiona yote kichwani kabla hajagusa kete. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwatumia mabingwa wa bao wa Zanzibar kuchunguza mipaka ya akili ya mwanadamu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Wanazuoni wa Ulaya walivuka bahari kuja kujifunza kwa watu ambao sisi tunawaita wavivu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda bao, na sidhani kama kuna atakayemwita mvivu wa kufikiri.

Lakini sitaki kulisifu bao kwa ugumu wake peke yake. Tazama namna watu wanavyokaa kulizunguka. Kijana wa miaka kumi na sita anaweza kumfunga mzee wa miaka sabini, na mzee hana la kufanya ila kupanga kete upya. Hawezi kumwambia, "Nyamaza, mimi ni mkubwa wako." Hawezi kubadili sheria katikati ya mchezo kwa sababu anashindwa. Watazamaji wanaona, na wanajua sheria. Mchezaji aliyekosea hahitaji mtu wa kumtangazia kwamba amekosea. Kete zake zimekwisha kuliwa. Kosa la ubaoni darasani hulipiwa kwa fimbo, la kwenye bao hulipiwa kwa kete, na kesho kete hupangwa tena zikiwa 64 zilezile.

Vitendawili vina siasa hiyohiyo, tena kwa uwazi zaidi. "Kitendawili!" "Tega!" Akishatega, wote waliopo ni sawa mbele ya fumbo, bibi na mjukuu. Wakishindwa, mtegaji hudai: "Nipe mji." Na mji hupewa. Fikiria maana yake. Mtoto wa miaka minane amewategea watu wazima, wamehangaika, wameshindwa, na sasa wanampa Mombasa au Tabora kama malipo ya ujinga wao. Kisha hujigamba kidogo kuhusu safari yake ya mji huo, ndipo awafumbulie. Mababu zetu, ambao tunawasingizia kwamba walitaka watoto wanyamaze tu, walitenga saa ya jioni ambapo mkubwa alilazimika kukiri mbele ya mdogo kwamba hajui. Hatuna saa kama hiyo shuleni leo. Katika nyumba nyingi nayo imefutika, na mahali pake pamekaa televisheni.

Ndiyo maana nacheka ninaposikia kwamba kumzoesha mtoto kuuliza na kubisha kwa hoja ni tabia ya kizungu itakayoua heshima. Heshima ya kweli haikuogopa kitendawili. Iliyokuja na kengele, mstari wa asubuhi na fimbo ni heshima nyingine, iliyotengenezwa na serikali ya kikoloni iliyohitaji makarani wa kunakili na kutii, nasi tumeirithi na kuibatiza jina la mila. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliitaka elimu yetu imjengee mwanafunzi akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kukubali au kukataa kulingana na mahitaji yake, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Tunaipamba hotuba zetu kwa jina la waraka huo, kisha tunarudi darasani kuuliza, "Tumeelewa?"

Mzazi afanye nini basi nyumbani? Nitatoa mifano miwili ambayo haihitaji kununua chochote.

Wa kwanza unajulikana na wengi. Mtu yuko ukingoni mwa mto akiwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akiwaacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avukeje? Fumbo la namna hii ni la kale na la dunia nzima: Ulaya linapatikana katika mkusanyiko unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, na huku kwetu limesimuliwa kwa wanyama wetu. Mtoto huvusha mbuzi kwanza, kwa urahisi. Anarudi, anamchukua chui. Hapo anakwama, kwa sababu akimwacha chui ng'ambo pamoja na mbuzi ameharibu. Hukaa na tatizo hilo muda mrefu. Jibu ni kurudi na mbuzi upande alikotoka, kumwacha pale, kuvusha majani, kisha kumfuata mbuzi kwa mara ya mwisho. Safari saba. Kinachomkwamisha mtoto si hesabu; ni imani kwamba kilichokwisha kuvushwa hakirudishwi. Hakuna aliyemfundisha imani hiyo kwa maneno, na hakuna atakayemwondolea kwa maneno. Lazima aikute mwenyewe ikimzuia, na aivunje.

Wa pili ni wa sokoni. Kuna vikapu vitatu vilivyofunikwa. Kimoja kina maembe tu, kimoja machungwa tu, kimoja mchanganyiko. Kila kikapu kina karatasi ya jina, lakini karatasi zote tatu zimewekwa mahali pasipo pake. Unaruhusiwa kutoa tunda moja tu, kutoka kikapu kimoja, bila kuchungulia. Utajuaje kilichomo katika vyote? Mtoto atataka kuanza popote. Mwache ajaribu. Baada ya kuhangaika ataona kwamba kikapu kilichoandikwa "mchanganyiko" ndicho kinachosema mengi, kwa kuwa karatasi yake ni ya uongo, basi ndani mna tunda la aina moja. Akitoa embe, hicho ni cha maembe. Kilichoandikwa "machungwa" hakiwezi kuwa cha machungwa, na cha maembe kimekwisha kujulikana, basi ni mchanganyiko. Kilichobaki ni cha machungwa. Angalia alichojifunza: hata uongo, ukijua kwamba ni uongo, hukupa habari. Natamani wapigakura wote wa nchi yetu wangejifunza hilo wakiwa na miaka tisa.

Fumbo lenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni mwenendo wa mkubwa, na hapo ndipo vifaa vya bei ghali huwashinda wanunuzi wake. Mkubwa acheze kwa haki. Asimwachie mtoto ashinde kwa huruma, maana mtoto hugundua na hudharau. Wala asipindishe sheria anapoona anashindwa, maana mtoto hugundua hilo pia na hulikumbuka zaidi. Aulize "umejuaje?" kwa jibu sahihi kama anavyouliza kwa jibu baya. Katika nyumba nyingi swali hilo huulizwa mtoto anapokosea tu, hivyo anajua mapema kwamba kuulizwa sababu ni dalili ya kukamatwa. Na anyamaze. Mtoto akikwama kwa dakika kumi, mkubwa huwashwa midomo; anataka kusaidia. Dakika hizo kumi ndizo mtoto anazofanyia kazi. Anayezikatiza kwa wema amemnyang'anya alichokuja kutafuta.

Kisha mchezo uhamishwe, kwa mikono, kutoka kwenye mkeka kwenda kwenye mambo mengine ya nyumbani. Nilisema uhodari wa mchezo hausafiri wenyewe. Basi mzazi aubebe. Mtoto akisema kitu ameambiwa na rafiki, "Amejuaje?" Tangazo la redio likisema sabuni fulani huua vijidudu vyote, "Wamejuaje?" Na baba akitoa amri, mtoto aruhusiwe kuuliza sababu kwa adabu na kupewa sababu. Baba asiye na sababu ya amri yake ana kazi ya kufanya kabla ya kuitoa tena.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la malezi na kuwa la siasa. Mpe mtoto mfano huu: mbwa wote wana miguu minne, mbuzi ana miguu minne, basi mbuzi ni mbwa. Atacheka. Muulize ubovu uko wapi, aseme kwa maneno yake. Akishausema, amepata silaha ambayo watu wazima wengi hawana, kwa sababu kila siku tunauziwa mbwa huyohuyo akiwa amevaa suti. Wasaliti huikosoa nchi. Fulani ameikosoa nchi. Basi fulani ni msaliti. Hoja hizi mbili zina mifupa ileile. Tofauti ni kwamba ya kwanza humchekesha mtoto, na ya pili huwafanya watu wazima wapige makofi. Upande wa upinzani nao una mbuzi wake: walafi hukaa ndani ya serikali, fulani yuko ndani ya serikali, basi fulani ni mlafi. Sina chama katika jambo hili. Nasema kwamba raia aliyecheka mbuzi akiwa mdogo ni vigumu kumuuzia mbwa akiwa mkubwa, na kwamba viongozi wa kila upande wana sababu ya kupendelea shule isiyomchekesha.

Najua pingamizi zitakazokuja, na nyingine ni za haki. Kuna mama anayeamka alfajiri kukaanga maandazi na kurudi nyumbani usiku, na kuna baba anayeendesha bodaboda hadi saa nne. Kuwaambia wakae mezani na mafumbo ni dharau. Lakini kitendawili hakihitaji meza. Huchezwa wakati wa kuchambua mchele, kumenya viazi, kutembea kwenda kisimani, kusuka nywele. Bao huchimbwa ardhini, mashimo 32, na kokoto 64 zatosha. Kwa anayeanza lipo bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, ambalo mtoto hulielewa kwa siku chache. Drafti huchorwa kwenye kipande cha boksi na kuchezwa kwa vizibo vya soda. Umaskini umetunyima mengi. Huu si miongoni mwa vitu ulivyotunyima. Vimeporwa na aibu yetu wenyewe, aibu ya kuona cha kwetu ni cha kijiweni.

Pingamizi nyingine huwa haitolewi, nami nitaitoa. Tunaposema mtoto acheze, mara nyingi tunamaanisha mvulana. Msichana wa umri uleule anaosha vyombo, anachota maji, anambeba mdogo wake mgongoni. Vijiwe vya bao na drafti ni vya wanaume, na msichana akisimama hapo kutazama ataulizwa amepotea nini. Kisha tunashangaa darasani kwamba hanyoshi mkono. Nyumba yenye nia ya kweli itagawa kazi ili na msichana apate nusu saa yake ya kufikiri, na itahakikisha bao linachezwa uani kwake, si barabarani tu. Kufundisha nusu ya watoto kufikiri na nusu nyingine kuhudumia wanaofikiri ni kurudia ukoloni chini ya paa letu.

Na kuna wanaosema tuwaachie walimu, kwani ndio wanaolipwa. Walimu wetu wengi wangependa kufundisha vizuri kuliko wanavyoruhusiwa na idadi ya watoto, mitihani na vitisho vya wakubwa wao. Siwaondolei lawama ya fimbo, lakini hawataweza peke yao kurudisha swali la "kwa nini" ikiwa mtoto anakuja shuleni akiwa amekwisha kukatazwa nyumbani kuliuliza. Mzazi anayemzaba mtoto kofi kwa kubisha kisha akamlipia darasa la Jumamosi la kukuza akili anabomoa kwa mkono mmoja anachokijenga kwa mwingine, na mkono unaobomoa ndio wenye nguvu.

Wazazi tunapoitwa kwenye kikao cha shule, huwa tunauliza mambo matatu: michango, chakula na wastani wa mtihani. Tuongeze la nne, tulisikilize jibu lake kwa makini, kisha tukirudi nyumbani tujiulize na sisi wenyewe. Mara ya mwisho mtoto kumwonyesha mkubwa kwamba amekosea, akatoa sababu, na mkubwa akamshukuru, ilikuwa lini?